Zoezi la tetemeko na radi shuleni: jinsi ya kulifanya mpaka mtoto aweze hata mwalimu asipokuwepo

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kagera, na haya nawaandikia walimu wenzangu na wazazi mlioko kwenye kamati za shule, hasa sisi tunaokaa huku Kanda ya Ziwa na kwenye hili Bonde la Ufa la magharibi ambako ardhi inacheza na radi zinapiga kuliko sehemu nyingi. Ni mambo ambayo tumeyafanya kwa mikono yetu, tukakosea, tukarekebisha, kwahiyo yachukue uyapime na shule yako ilivyo.

Tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, lilipita hapa kwetu Kagera tetemeko la ukubwa wa 5.9. Watu zaidi ya 15 walikufa, mamia wakaumia, nyumba zikaanguka kwa maelfu, na sekondari za Ihungo na Nyakato zikabidi zifungwe kwa muda kwa jinsi majengo yalivyoharibika. Ile siku ilikuwa Jumamosi. Nasisitiza Jumamosi manake Jumatatu yake nilipoingia kwenye darasa nililokuwa nafundisha nilikuta ukuta wa mwisho, ule wa pembe tatu unaobeba kenchi kule juu, umeangukia ndani, tofali za kuchoma zimelala juu ya madawati mawili ya nyuma, na kwenye dawati moja kulikuwa na daftari la hesabu limefunuka, lina vumbi jekundu juu yake na zile hesabu za kuzidisha bado zinasomeka pembeni. Wanaokaa pale ni watoto watatu, nawajua majina. Kama ingekuwa Ijumaa muda wa kipindi wangekuwa wamekaa pale pale, na hakuna hata mmoja wetu, mwalimu wala mwanafunzi, aliyekuwa anajua afanye nini zaidi ya kukimbilia mlangoni wote kwa pamoja.

Toka hapo ndo nikaanza kushughulika na hili jambo. Na kitu kimoja nataka ukishike kabla hujasoma hatua: zoezi halifanywi ili mgeni wa wilaya apige picha. Linafanywa ili mwili wa mtoto ujue cha kufanya kabla kichwa hakijapata muda wa kuogopa, na ajue hata siku ambayo mwalimu hayupo, ameenda ofisini kuchukua chaki, au yuko palepale lakini naye ameganda kwa woga.

Hatua ya 1: Zunguka shule yako na kalamu

Kabla hujapiga kengele yoyote, chukua watoto wa darasa la sita kumi hivi, zungukeni shule nzima, mchore ramani. Usichore peke yako. Watoto wanaona vitu ambavyo wewe umevizoea, mfano mimi sikuwahi kufikiria kwamba mlango wa la tatu ukivuta kwa nguvu unakwama chini, wao ndo walinionyesha, wakasema mwalimu huu tunaupiga teke kila siku. Andikeni kila kitu kinachoweza kuanguka: kabati lililosimama tu bila kufungwa ukutani, ubao ulioning'inizwa, simtanki juu ya mnara, ukuta wenye ufa, mti mkavu. Andikeni nyaya za umeme zinapita wapi, korongo liko wapi, na uwanja upi hauna kitu juu yake wala pembeni yake.

Vingine vinatengenezeka kwa pesa ndogo sana. Kabati linafungwa ukutani kwa kipande cha bati na misumari. Mlango unaofunguka kwa ndani fundi anaugeuza ufunguke kwa nje kwa nusu siku, na hili usilichukulie poa, watoto 80 wakisukumana kwenye mlango unaofunguka kwa ndani hakuna atakayeweza kuuvuta. Ufa mkubwa wa ukuta hautengenezwi kwa zoezi, hapo peleka barua halmashauri na usiwaweke watoto darasa hilo hata kama itabidi wasomee chini ya hema. Wenzetu China, kule Sangzao mkoa wa Sichuan, mwalimu mkuu alihangaika miaka kuimarisha jengo la shule yake na kila muhula akawafanyisha wanafunzi zoezi la kutoka, basi tetemeko la 12 Mei 2008 lilipokuja, wanafunzi na walimu zaidi ya 2,000 walikuwa uwanjani ndani ya dakika 1 na sekunde 36, wote wazima, wakati shule nyingi za maeneo jirani zilianguka na kuua watoto. Alifanya yote mawili, jengo na zoezi.

Hatua ya 2: Amua alama, na usizichanganye

Hapa shule nyingi zinakosea. Shule zetu nyingi kengele ni ile rimu ya gari imening'inizwa kwenye mwembe, anapiga kiranja kwa kipande cha nondo. Sasa watu wanapanga kwamba tetemeko likija kiranja akapige rimu ili watoto waanze kujikinga. Tetemeko halisubiri kengele ndugu zangu, ardhi yenyewe ndo kengele, kwahiyo mtoto umfundishe kwamba akihisi kutikisika anaanza hapohapo, haangalii mtu, hangoji kuambiwa. Kwenye zoezi, alama ya kuanza iwe mwalimu wa darasa mwenyewe kutikisa meza yake kwa nguvu na kusema kwa sauti "Tetemeko!". Rimu itapigwa baadaye, mtikisiko ukishaisha, kama alama ya kutoka nje.

Na mlio wa kutoka usifanane na wa kubadilisha vipindi wala wa uji. Sisi tunapiga mapigo ya haraka haraka bila kupumzika mpaka madarasa yote yawe tupu. Kama una mtoto asiyesikia, mpe rafiki wa kukaa naye pembeni ambaye kazi yake ni kumgusa bega mara mbili, na awepo rafiki wa pili, manake wa kwanza anaweza kuugua siku hiyo.

Hatua ya 3: Chini, kichwa, shika

Hii ndo yenyewe, na hapa tumia muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Duniani kote wanafundisha kitu kilekile: jishushe chini kabla hujaangushwa, kinga kichwa na shingo ukiingia chini ya meza imara, shikilia mguu wa meza mpaka mtikisiko uishe. Watoto wetu tunawaimbisha kwa maneno matatu, mwalimu anasema "Chini!" wanaitika "Chini!" huku wameshashuka, "Kichwa!", "Shika!". Ila ukiangalia mabango ya nje utaona mtoto mmoja na meza moja yenye nafasi kubwa chini. Dawati letu halikai hivyo. Dawati letu ni kiti na meza vimeunganishwa, wanakaa watatu wakati mwingine wanne, chini kuna ubao wa kuwekea madaftari na ubao mwingine wa kukanyagia, na mtoto wa la saba hata akitaka vipi haingii pale. Nilishajaribu mwenyewe nikakwama.

Kwahiyo tulikaa chini sisi walimu tukajaribu, na tulichofikia ni hiki. Wa katikati anateleza mbele, anapiga magoti kwenye nafasi kati ya kiti na meza, kichwa kinaingia chini ya ubao wa kuandikia kadri kitakavyoingia. Wale wawili wa pembeni wanashuka kwenye njia ya kati ya madawati, wanapiga magoti wamejikunja kama yai, paji la uso karibu na magoti, begi au daftari kubwa juu ya kichwa na mikono miwili imefungana nyuma ya shingo, ubavu umegusa dawati. Dawati la mninga au la chuma linabeba bati na mbao zikianguka, na aliyejibana pembeni yake akiwa chini kabisa yuko salama kuliko aliyesimama. Wa karibu na dirisha wanageuza mgongo upande wa vioo. Wa dawati la nyuma kabisa, pale penye ukuta wa pembe tatu, sisi tulisogeza madawati yote mbele kwa hatua mbili, hatutaki tena mtoto akae chini ya ule ukuta.

Mtoto mwenye kiti cha magurudumu anafunga breki, anainama mbele, anafunika kichwa na shingo. Usimtoe kwenye kiti kwa nguvu.

Kuna swali naulizwa kila mara: kwanini wasikimbie nje tu, si darasa la chini? Wakati ardhi inatikisika mtu hata kusimama ni shida, na vitu vinavyoanguka kwa wingi ni vile vya mlangoni na kwenye ukingo wa jengo, tofali za juu, vioo, bati, ndo wanaokimbia vinawakuta. Pia msongamano wenyewe wa mlangoni unaua. Ila niseme ukweli, kama darasa ni la tofali mbichi za udongo na paa zito, na mtoto yuko hatua mbili tatu kutoka mlango uliofunguka na nje ni uwanja mweupe, atoke mara moja aende mbali na ukuta. Waliobaki ndani wajikunje. Hili walimu mkae muamue kwa kila darasa mapema kutokana na jengo lilivyo, msimwachie mtoto aamue siku ya tukio.

Halafu wahesabu kwa sauti mpaka 60. Mitikisiko mingi haifiki dakika, na kuhesabu kunawatuliza sana, mtoto anayehesabu hapigi kelele. Mara ya kwanza la pili walihesabu mpaka 12 wakaanza kucheka wakainuka. Usiwakaripie, rudia tu. Fanya hii hatua ya 3 peke yake, dakika tatu tu, kila Jumatatu baada ya asembli kwa mwezi mzima kabla hujafika kwenye kutoka nje.

Hatua ya 4: Kutoka

Wajapani wana maneno manne wanayowafundisha watoto toka chekechea, kutosukumana, kutokimbia, kutoongea, kutorudi, wameyafupisha yakawa neno moja wanalotamka kila zoezi. Sisi tumetengeneza ya kwetu, watoto wanaimba wakiwa wanatoka, taratibu, mguu kwa mguu:

*Hatusukumani. Hatukimbii. Hatupigi kelele. Haturudi.*

La nne ndo gumu kuliko yote. Mtoto atataka kurudi kuchukua begi, sweta, na zaidi ya yote mdogo wake wa la kwanza. Hili la mdogo wake usilijibu kwa ukali, mjibu kwa mpango: mwambie mdogo wako ana mwalimu wake na ana mshika mkono wake, mtakutana uwanjani, na kwenye zoezi hakikisha kweli wanakutana uwanjani, aone kwa macho. Sisi kila mtoto wa la kwanza na awali ana mshika mkono wa la sita ambaye darasa lake liko jirani, na wanafahamiana toka Januari, wanakula uji pamoja.

Mwalimu anatoka wa mwisho, na rejista yake mkononi. Rejista ining'inizwe kwenye msumari karibu na mlango, isifungiwe kwenye kabati la ofisini. Wanatoka wakifunika vichwa kwa mabegi, wanapita mbali na kuta na nyaya, wanaenda uwanjani kila darasa mahali pake. Pale panapakwa chokaa namba ya darasa chini ili hata wa awali aone "1" yake.

Hatua ya 5: Kuhesabu vichwa

Zoezi letu la kwanza kabisa la shule nzima, mi nilikuwa na furaha, watoto wametoka vizuri, mstari umenyooka, mwalimu mkuu anatabasamu. Nikahesabu la kwanza nikapata pungufu wawili. Nikahesabu tena, pungufu wawili. Tukawakuta chooni. Walikuwa wameomba ruhusa, wakasikia rimu inapigwa kwa fujo wakajifungia ndani kwa komeo wakashikana mikono, na mmoja alikuwa amejikojolea kwa woga. Nilimbeba mgongoni mpaka uwanjani. Sijasahau na ndo maana siku hizi tunahesabu hivi: kila mwalimu anahesabu darasa lake na kumwinulia mwalimu wa zamu kadi, kijani wametimia, nyekundu kuna anayekosekana, na viranja wawili wa afya wanapita vyooni, jikoni, maktaba, kila zoezi, bila kukumbushwa. Na anayekwenda chooni anaweka kipande cha mti chenye jina la darasa juu ya meza ya mwalimu, ili ijulikane mtu yuko nje.

Kwenye tetemeko halisi viranja hawatumwi kuingia ndani ya jengo lililopasuka, hapo wanaita kwa sauti kutoka nje na taarifa inapelekwa kwa mtu mzima. Waambie hivyo waziwazi, watoto wa kiume hasa wanapenda ushujaa. Baada ya hapo hakuna kurudi darasani, manake tetemeko kubwa lina vitoto vyake vinavyofuata, na ukuta ulioachia kidogo unaangushwa na hicho kitoto.

Hatua ya 6: Haribu mpango wako kwa makusudi

Zoezi ambalo kila mtu anajua ni Jumatano saa 4 lina kazi ya kufundisha hatua, lakini ukibaki hapo umefundisha maigizo. Baada ya mazoezi mawili ya kutangazwa, fanya la tatu bila kusema saa. La nne wakati wa mapumziko watoto wametawanyika, wengine wako bombani wengine chini ya miti. La tano, weka kiti mlangoni kwenye njia waliyoizoea uandike "pameziba", uone watafanyaje. La sita, mwalimu mmoja kila darasa akae kimya kabisa, asiseme neno, watoto wajiendeshe wenyewe na kiranja wao.

Sababu ya hili niliipata kwa Wajapani tena. 11 Machi 2011, tetemeko la ukubwa wa 9.0 likafuatwa na tsunami, yale mawimbi makubwa ya bahari yanayoingia nchi kavu. Mji wa Kamaishi, watoto wa sekondari moja karibu na bahari hawakungoja tangazo, walitoka mbio kuelekea mlimani, wa shule ya msingi ya jirani wakawaona wakawafuata, wakubwa wakawashika mikono wadogo. Walifika mahali palipopangwa kama pa kukimbilia, wakaona nyuma ya pale kilima kimeanza kumomonyoka, wakasema hapa hapatoshi, wakapanda juu zaidi, kisha juu zaidi tena. Maji yakafika pale walipokuwa wamesimama mwanzo. Katika wanafunzi karibu 3,000 wa msingi na sekondari ya chini wa mji ule, karibu wote walipona. Walikuwa wamefundishwa kwa miaka, pamoja na Profesa Toshitaka Katada, wasiamini ramani kuliko macho yao, na wasione aibu kuwa wa kwanza kukimbia. Siku hiyohiyo, kwenye shule ya msingi ya Okawa, mji wa Ishinomaki, watoto walitoka vizuri darasani wakapangwa uwanjani, wakakaa hapo kama dakika 50 watu wazima wakijadili waende wapi, na nyuma ya shule kulikuwa na kilima. Walikufa watoto 74 na walimu 10.

Mi nikisoma hiyo ya Okawa naona kabisa ni sisi, ni mwalimu mwenye nia njema anayesubiri mkubwa aseme. Kwahiyo kwenye zoezi mpe mwalimu yeyote, hata wa kujitolea, mamlaka ya kuamua hapohapo, liandikwe na mkuu wa shule alisome mbele ya wote. Walimu wa Dar, Tanga, Lindi na Visiwani, hili la bahari linawahusu moja kwa moja, tsunami ya Desemba 2004 iliyoanzia Indonesia ilifika mpaka pwani yetu na ikaua watu. Ukiwa ufukweni ukahisi ardhi inatikisika kwa muda mrefu, au ukaona maji yanarudi nyuma ghafla yanaacha mchanga na samaki, ni kupanda juu, hamna kungoja.

Radi: zoezi tofauti kabisa, na huku kwetu ndo linalohitajika zaidi

Januari 2025 kule Bukombe, Geita, radi iliua wanafunzi 7 wa sekondari moja. Juni 2011 Kiryandongo, Uganda, radi ilipiga shule ya msingi ikaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Darasa lenyewe basi halitoshi kuwa kinga kama halina waya wa kupeleka umeme ardhini, na ndo maana pesa ya kwanza ya kamati mkiipata iende kwa fundi wa kinga ya radi anayeelewa kazi, asiishie kusimamisha chuma juu ya bati tu bila kukishusha mpaka chini.

Mpaka hiyo ipatikane, zoezi ni hili. Kanuni ya mtoto ni moja: ukisikia ngurumo, ingia ndani. Asingoje mvua, radi inapiga hata kabla tone halijadondoka. Uwanjani mpira unaachwa palepale ulipo. Hakuna kujikinga chini ya mti, hata ule mwembe wa kengele, na hapa angalieni vizuri: rimu ya chuma chini ya mti mrefu ndo mahali pabaya kuliko pote wakati wa radi, msimtume kiranja akapige. Alama ya radi kwetu ni filimbi, mwalimu wa zamu anapuliza akiwa barazani kisha anaingia ndani.

Wakishaingia wanakaa katikati ya chumba, hakuna anayeegemea ukuta, hakuna anayeshika nondo za dirisha wala fremu ya chuma ya dawati, miguu imebanana, milango na madirisha yamefungwa, swichi zimezimwa na chaja zimechomolewa mapema. Wasisongamane kifungu kimoja. Basi la shule la bodi ya chuma likiwa karibu ni pazuri zaidi ya darasa lisilo na kinga. Wanakaa humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na mwalimu anaandika ubaoni muda wa kila ngurumo, watoto wanapenda hiyo kazi na inawaondolea woga. Hata kama ni saa ya kwenda nyumbani, hawatoki.

Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, mguse. Naomba hili lisambae kwenye kila kijiji manake watu wanaogopa kumshika, wengine wanasema ni mambo ya uchawi na msaada unachelewa. Asipopumua mlaze chali, weka mikono miwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine anatafuta gari la hospitali. Walimu wote na la saba wafundishwe, mwite mhudumu wa zahanati siku moja awaonyeshe kwa mto wa kulalia.

Mafuriko na safari ya nyumbani

Hapa ni kifupi. Aprili 2024 Arusha basi la shule lilisombwa na maji kwenye korongo asubuhi, wanafunzi 8 wakafa. Dereva wa basi la shule lazima awe na ruhusa ya maandishi ya kukataa kuvuka na kugeuza, hata wazazi wakilalamika, hata mitihani ikisubiri. Wanaotembea kwa miguu, kila mtoto achore njia yake ya nyumbani na aweke alama nyekundu kila anapovuka maji. Kanuni: maji yanayokimbia huyavuki, hata yakiwa ya magotini, rudi shuleni au ingia nyumba ya karibu iliyoko juu. Na shule iwe tayari kulaza watoto, mkeka na unga viwepo. Kwenye zoezi wapeleke kweli mpaka korongoni siku ya kiangazi, wasimame ukingoni, mmoja aseme "mama atanigombeza nikichelewa," na wenzake wamjibu.

Wazazi

Watangazieni kabla, kwenye kikao na kwenye grupu la WhatsApp, kwamba wiki hii kuna zoezi. Sisi tulisahau mara moja, boda mmoja akaona watoto wote uwanjani wanafunika vichwa akasambaza kwamba shule imeanguka, mama zao wakaja wanakimbia wengine peku, na mmoja alijikwaa akaumia goti.

Pangeni pia jinsi ya kukabidhi watoto. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka pale Goma, Kongo, 22 Mei 2021 maelfu ya watu walikimbia usiku, na watoto zaidi ya 100 walipoteana na wazazi wao njiani. Kwa hiyo kwenye rejista kila mtoto awe na majina mawili ya watu wanaoruhusiwa kumchukua na namba zao za simu, yameandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, mtandao siku hiyo haupo. Wanachukuliwa sehemu moja tu, getini, mchukuaji anataja jina, mtoto anaulizwa "huyu ni nani kwako?", mwalimu anaandika saa na sahihi ndo anamwachia. Mazoezi ya hili yafanyeni hata mara moja kwa mwaka na wazazi wenyewe wapange foleni. Namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114, iandikwe kwa rangi ukutani kwenye kila darasa, na watoto waimbe.

Msiwatishe watoto. Hakuna kujipaka rangi nyekundu eti damu, hakuna kuchoma matairi yatoe moshi, hakuna mwalimu kujifanya amekufa. Mtoto aliyewahi kuangukiwa na nyumba mnamjua, mwambieni siku moja kabla, mkae naye karibu, akitaka kuangalia tu safari ya kwanza aangalie.

Daftari la zoezi

Nunua kaunta buku moja. Kila zoezi andika tarehe, saa, ilichukua muda gani mpaka kadi ya mwisho ya kijani, nani alikosekana na alikuwa wapi, nini kilikwama. Sisi tulianza na dakika 7 na nusu, sasa hivi tuko chini ya dakika 3, ila mi naangalia zaidi ile safu ya "nini kilikwama" kuliko dakika. Waulizeni watoto palepale uwanjani kabla hawajarudi darasani, wakiwa bado wanakumbuka. Zoezi lililopita mtoto wa la pili alinyoosha mkono akasema mwalimu, mpishi wa uji hakutoka, alibaki anakoroga. Ni kweli, hatukuwahi kumfundisha mama wa jikoni hata siku moja, na yeye ndo yuko na moto na sufuria la lita 100 linalochemka. Wiki ijayo tunaanza na yeye: kuvuta kuni nje ya mafiga, kusogea mbali na sufuria, halafu chini, kichwa, shika. Amesema atafanya ila tumpe nafasi ajaribu kwanza watoto wakiwa hawapo.